Fraipani ya nonstiki sm 26 ya elfu 35: chombo kizuri, ila boksi limeficha mengi

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnataka kujua ninunue au nisinunue. Nunua, kama unapikia gesi au umeme na kazi yake kubwa itakua mayai, samaki, pankeki na mboga za kukaanga haraka haraka. Kama jiko lako ni la mkaa tu, acha kwanza, nitaeleza huko mbele kwa nini.

Niliichukua Kariakoo kwenye duka la vyombo, sm 26, elfu 35 baada ya kuongea ongea na muuzaji, ndani ya boksi kuna fraipani yenyewe, mfuniko wa kioo na mwiko bapa mweusi wa kugeuzia. Kampuni siitaji kwa sababu ninayolalamikia yako kwenye maboksi ya kampuni kibao, pita duka lolote utakuta maneno yale yale ya dhahabu. Nina nayo zaidi ya mwaka sasa na inapanda jikoni karibu kila asubuhi.

Kazi inafanya. Yai unavunjia, unasubiri kidogo, unainamisha fraipani na yai linahama lenyewe kwenda kwenye sahani, na hapo nimeweka mafuta ya kuonja tu. Kibua na changu ngozi haibaki chini, na mtu aliyezoea kubandua samaki kwenye kikaango cha alumini tupu anaelewa hiyo ni raha gani. Kuosha ni sponji na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, dakika haiishi. Ukingoni pale mwiko unapopita pita weusi umeanza kupauka, ila katikati bado iko vizuri, ukiinamisha dirishani unaona inang'aa sawasawa bila michirizi.

Sasa huo weusi unaofanya yai liteleze ni polima inaitwa PTFE, wengi tunaijua kwa jina la biashara la Teflon, na jinsi ilivyopatikana ni stori ninayoipenda kupita zote kwenye kemia kwahiyo nivumilieni.

Mwaka 1938 kulikua na kijana wa miaka 27 anaitwa Roy Plunkett, mtoto wa Ohio, hata miaka miwili kamili haijapita tangu apate udaktari wake wa kemia, yuko maabara ya Jackson ya kampuni ya DuPont kule New Jersey. Kazi aliyopewa ni kutafuta gesi mpya za friji, maana friji za mwanzo zilitumia vitu kama amonia na dioksidi ya salfa, ikivuja usiku mmelala mnaweza msiamke. Akatengeneza gesi ya tetrafloroethilini, kama kilo 45 hivi, akaigawa kwenye mitungi midogo akaiweka kwenye barafu kavu isubiri majaribio. Asubuhi ya tarehe 6 Aprili msaidizi wake Jack Rebok anafungua vali ya mtungi mmoja, kimya, hamna gesi inayotoka. Mtu mwingine hapo anasema umevuja huo, leta mwingine tuendelee. Wao wakaupima, uzito uko vile vile, maana yake kilichoingia bado kimo! Wakachokonoa vali kwa waya, haijaziba. Wakaing'oa vali wakageuza mtungi kichwa chini, ukadondoka unga mweupe kidogo, hautoshi uzito wote, basi wakachukua msumeno wakaukata mtungi, na ndani kuta zimejaa kitu cheupe kinachoteleza kama nta. Ile gesi ilikua imeungana yenyewe kwa yenyewe ndani ya chuma, molekyuli ndogo ndogo zimeshikana mkono kwa mkono mpaka zimekua mnyororo mrefu, na polima ndo hivyo ilivyo.

Halafu Plunkett akaanza kuutesa ule unga. Asidi kali haziuli, vimumunyisho haviuyeyushi, joto unavumilia kuliko plastiki zote za wakati ule. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ikatoka 1941, na kabla haijagusa jiko la mtu yeyote ikaingia vitani, mradi wa Manhattan wa bomu la atomiki ulikua unahangaika na gesi ya urani heksafloridi inayokula kila gasketi wanayoweka, PTFE ikawa ndo inayostahimili.

Siri yake ni florini. Kwenye ule mnyororo kila kaboni imezungukwa na florini pande zote, na bondi, yaani kile kifungo kinachoshika atomu mbili, ya kaboni na florini ni katika bondi imara kabisa kwenye kemia yote ya kaboni, florini nayo inang'ang'ania elektroni zake haitaki ushirika na mtu. Protini ya yai, sukari ya ndizi, ngozi ya samaki, vyote vinakuja kutafuta pa kushika na havipati.

Hapo mwanafunzi makini atauliza, kama hakuna kinachoishika, yenyewe imeshikaje kwenye alumini? Jibu lilitoka Ufaransa, kwa injinia Marc Grégoire mwaka 1954. Inasimuliwa kwamba alikua anaipaka kwenye vifaa vyake vya kuvulia samaki, mke wake Colette akamwambia kwa nini usinipakie kwenye sufuria zangu. Njia yake ilikua kuiunguza alumini kwa asidi mpaka uso wake unatoboka vijishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, unapaka PTFE inaingia kwenye vile vijishimo, unaoka kwa joto karibu nyuzi 400 za Selsiasi, inatulia humo humo imejikita. Mwaka 1956 wakafungua kampuni ya Tefal, na fraipani zote hizi za kwenye mashelfu ni wajukuu wa ile ya Colette.

Nimeeleza hiyo kwa sababu ina maana jikoni kwako. PTFE yenyewe haipendi kushikana na alumini, kushika kwake kunategemea sana ule uso wenye vijishimo, kwahiyo ukipitisha uma au kisu au stili waya unainua ukingo, na ukingo ukishainuka maji na mafuta vinaingia chini, wiki chache mbele unaona inabanduka magamba. Vile vile kuitoa kwenye moto na kuichovya kwenye maji ya baridi ikiwa bado ya moto, alumini inajikunja, kitako kinabinuka katikati na baada ya hapo mafuta yanakimbilia pembeni kila ukipika. Iache ipoe. Na kama umeshameza kagamba bahati mbaya usipaniki, PTFE ngumu haimeng'enywi na mwili, inapita inatoka.

Sasa lalamiko langu kubwa, boksi. Mbele wameandika graniti kwa herufi za dhahabu, na fraipani ina madoa doa meupe kweli ukiitazama unaona jiwe. Muuzaji nae anakuambia hii ni jiwe dada, sio zile za zamani za Teflon zenye sumu. Ukifungua kile kikaratasi cha maelezo cha ndani, kwa herufi ndogo kabisa za kutafutia miwani, wameandika PTFE! Fraipani nyingi zinazoitwa graniti au mabo ni PTFE ile ile ya Plunkett na madoa yake, baadhi wanachanganya na chembe ngumu za madini ili isichunike haraka, lakini kinachotelezesha yai ni ile ile. Mimi sioni ubaya wa PTFE, nimeinunua na ninaitumia, ubaya ni mtu kuuziwa jiwe akaenda kuitumia kama jiwe, kuiacha tupu juu ya moto mkali akiamini jiwe haliungui.

Na inaungua. PTFE inayeyuka nyuzi 327, ushauri wa kawaida ni isizidi 260, ukipita hapo inaanza kuchoka na ukielekea 350 na zaidi inatoa moshi ambao ukiuvuta unaweza kupata homa na kifua kubana, mfano wa mafua makali, na ndege wa kufugwa ndani kama kasuku wanakufa kabisa maana mapafu yao ni dhaifu sana kwa moshi huo. Fraipani tupu kwenye gesi iliyofunguliwa mwisho inafika huko ndani ya dakika chache tu. Kipimo changu ni mafuta: mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanaanza kutoa moshi nyuzi 220 na kitu, kwahiyo siweki fraipani motoni bila mafuta au chakula ndani, na mafuta yakianza moshi napunguza hapo hapo. Moto wa kati unatosha kwa kila kitu nilichopika humu.

Kuna jingine kwenye boksi, alama ya kijani inasema haina PFOA. Hii ni kweli na ni jambo jema, ila watu wanaisoma vibaya wanadhani maana yake haina Teflon. PFOA ni kemikali nyingine iliyokua inatumika kiwandani kusaidia kutengeneza PTFE, kwenye fraipani yenyewe ilikua inabaki kidogo mno, balaa lake liliwapata waliokaa karibu na viwanda. Kule Parkersburg, West Virginia, mfugaji Wilbur Tennant aliona ng'ombe wake wanakufa wakinywa maji ya kijito kinachopokea taka za DuPont, mwaka 1998 akamtafuta wakili Rob Bilott, na kesi iliyoanzia kwa huyo mfugaji mmoja ikafukua kwamba maji ya kunywa ya maelfu ya watu yalikua na PFOA. Jopo la wanasayansi lililowekwa baada ya suluhu likahusisha PFOA na magonjwa sita, ikiwemo saratani ya figo na ya korodani. Mwaka 2017 DuPont na Chemours, kampuni iliyotokana na DuPont, wakakubali kulipa dola milioni 671 kumaliza kesi zaidi ya 3,500. Viwanda vikubwa viliahidi kuiondoa kufikia 2015, na 2019 ikaingizwa kwenye mkataba wa Stockholm wa kemikali zisizooza. Kwahiyo alama ya kijani ina damu ya watu nyuma yake, na kampuni inayoiweka kama pambo la kuuzia bila hata sentensi moja ya maelezo inanikera kweli.

Twende kwenye mpini. Boksi linasema Bakelite, ile plastiki ngumu ya zamani, na hapa hawajadanganya. Ni mweusi, mgumu, mzito kidogo mkononi, na baada ya kupika samaki kwa muda mrefu naushika kwa mkono mtupu bila kitambaa. Aliyeivumbua Bakelite ni Leo Baekeland, Mbelgiji wa Ghent, mtoto wa fundi viatu, alipata udaktari akiwa kijana mdogo, akahamia Marekani 1889, akatajirika kwa kuwauzia Kodak karatasi yake ya picha. Angeweza kukaa tu ale hela zake. Akajenga maabara nyumbani kwake Yonkers akaanza kutafuta mbadala wa sheleki, ile gundi inayotoka kwa wadudu wadogo wa India, maana umeme ulikua unasambaa kila mahali na vihami, yaani vitu vya kuzuia umeme usipite, havitoshi. Fenoli na fomaldehaidi watu walishavichanganya kabla, Mjerumani Adolf von Baeyer alifanya mwaka 1872, akapata utomvu mgumu unaogoma kutoka kwenye chombo akaachana nao. Baekeland akafikiri kinyume, huo ugumu ndo ninaoutaka, kazi ni kuutawala. Akachanganya ndani ya pipa la chuma lenye joto na mgandamizo, ili mvuke usipasue mchanganyiko mapovu mapovu, na Julai 1907 akapeleka maombi ya hataza. Muingereza James Swinburne alikua anafukuzia kitu hicho hicho akachelewa kwa siku moja, siku moja jamani.

Tofauti yake na plastiki ya ndoo ni kwamba minyororo ya Bakelite imefungwa huku na huku, kulia kushoto juu chini, imekua kama wavu mmoja mzima, ikishakauka haiyeyuki tena hata uipashe vipi. Ndo maana zile swichi nyeusi za zamani, soketi, vishikio vya balbu na simu za kuzungusha zilitengenezwa nayo, umeme haupiti na joto haliilainishi. Ila kutoyeyuka sio kutoungua! Ukiulambisha moto wenyewe unageuka kijivu, unapasuka, unatoa harufu kali ya dawa. Kwenye gesi yangu moto haufiki huko. Lalamiko langu la mpini ni skrubu, kila baada ya muda inalegea na fraipani inaanza kucheza mkononi, inabidi uwe na bisibisi jikoni, na kwa bei hii wangeweka skrubu mbili.

Mwiko sasa. Kwa nyuma umegandamizwa neno nailoni na nyuzi joto 210. Huu ndo kiungo dhaifu cha seti nzima, na inaniuma kusema hivyo kwa sababu aliyeigundua nailoni ndie mkemia ninayemheshimu kuliko wote hapa. Wallace Carothers alitolewa Harvard na DuPont mwaka 1928 kwenda Wilmington, Delaware, akapewa uhuru wa kufanya utafiti tu. Wakati huo kulikua na ubishi mkali, Mjerumani Hermann Staudinger tangu 1920 anasema vitu kama mpira na selulosi ni molekyuli ndefu za ajabu zilizoungana kweli kweli, na wakubwa wa kemia wanamwambia aachane na hayo, hizo ni molekyuli ndogo zilizokusanyika tu. Carothers akasema haina haja ya kubishana, nitazijenga mwenyewe moja moja kwa bondi ninazozijua, tuone zinafika wapi. Zikafika. Mwaka 1930 tu timu yake ikatoa mpira wa neoprini, na Julian Hill akavuta uzi wa poliesta kutoka kwenye chombo akaona ukivutwa baridi unazidi kuwa imara. Uzi ule ulikua unayeyuka kwa joto dogo mno, ungepigwa pasi ungekwisha, wakarudi mezani, na tarehe 28 Februari 1935 ikatoka nailoni 6,6, iliyotengenezwa kwa viungo viwili kila kimoja kina kaboni sita.

Carothers hakuiona ikiuzwa. Alikua na ugonjwa wa sonona kwa miaka mingi, aliamini hajafanya lolote la maana, na Aprili 1937, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41, alijiua kwenye chumba cha hoteli Philadelphia. Mtoto wake wa kike alizaliwa miezi saba baadae. Mei 1940 soksi za nailoni zikaanza kuuzwa Marekani nzima na pea milioni nne zikaisha ndani ya siku chache. Staudinger akapata Nobeli 1953. Paul Flory, kijana aliyeanza kazi chini ya Carothers na ambae chuoni Ohio State alikaa chumba kimoja na Roy Plunkett, akapata yake 1974. Mimi kila nikisoma hii naumia upya.

Kurudi kwenye mwiko, nailoni ni laini kuliko chuma kwahiyo haikwaruzi PTFE, hilo ndo lengo lake na inalitimiza. Shida ni watu, na boksi haliwaambii, kuuacha umelala ndani ya fraipani inayochemka. Nailoni 6,6 inayeyuka kama nyuzi 265 na inalegea kabla ya hapo, ncha ya mwiko wangu imeanza kujikunja na kutoa vinyuzi nyuzi. Isitoshe taasisi ya Ujerumani ya usalama wa chakula, BfR, mwaka 2019 ilishauri vyombo vya poliamaidi, yaani hii hii familia ya nailoni, visikae kwenye chakula chenye joto zaidi ya nyuzi 70 kwa muda, kwa sababu vipande vifupi vya ule mnyororo vinaweza kutoka na kuingia kwenye chakula. Geuza, toa, weka pembeni. Mimi siku hizi natumia mwiko wa mti, ule wa kawaida wa mia tano mia tano sokoni, ncha ya mviringo, na fraipani imefurahi zaidi.

Na hapo ndo tunarudi kwenye mkaa. Mkaa ukikolea hauna swichi ya kupunguza, joto linapita 260 bila kukuambia, PTFE inachoka, kaa linalochungulia pembeni linalamba mpini wa Bakelite, na mwiko wa nailoni ukiusahau ndani umeisha. Jirani yangu ana seti ya aina hii hii anapikia mkaa, ndani ya miezi michache katikati imekua kahawia na mpini una nyufa. Chapati pia msipikie humu hata kama ni gesi, chapati zinataka chombo kikae na moto mkali muda mrefu, moja inatoka nyingine inaingia na katikati chombo kinabaki kikavu, tumieni kikaango cha chuma kizito.

Mfuniko wa kioo sina neno nao, unafunga vizuri na una kitundu cha mvuke.

Naipa nyota nne. Moja nimeitoa kwa ajili ya boksi na skrubu. Ukienda kununua, kabla hujalipa omba kile kikaratasi cha ndani usome wameandika PTFE au seramiki, weka fraipani juu ya kaunta ya kioo uisukume kidogo uone kama kitako kinacheza, halafu pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani taratibu, ukikuta mahali pamekwaruza au pana kijipovu omba nyingine, hapo ndo magamba yataanzia.